Ziada haitoki yote kwenye mkojo

"Hizi ni vitamini tu, daktari. Zikizidi si zinatoka kwenye mkojo?" Nimeulizwa tena wiki hii, na naona sasa niandike.

Kauli hiyo ina ukweli nusu, ndiyo maana haifi. Vitamini C na za kundi B huyeyuka kwenye maji, na figo huondoa sehemu kubwa ya kilichozidi. A, D, E na K huyeyuka kwenye mafuta, hivyo mwili huziweka akiba. A hujaa kwenye ini. D ikipita kiasi hupandisha kalsiamu kwenye damu: kiu, kichefuchefu, mkojo mwingi, na mwishowe figo zenyewe huumia. Hayo wengi wameshayasikia, siyarefushi.

Kinachonisumbua ni B6, kwa sababu inayeyuka kwenye maji na kila mtu anaiamini. Mtu mzima wa chini ya miaka 50 anahitaji takriban miligramu 1.3 kwa siku. Vidonge vingi vya "kuimarisha neva" vina miligramu 100 au zaidi kwa kidonge kimoja. Ukivimeza kwa miezi, hasa dozi kubwa, vinaweza kuharibu mishipa ya fahamu: ganzi miguuni, vidole kuchomachoma, hatua kuyumba gizani. Ndipo ubaya wake ulipo. Upungufu wa B12 au B1 nao huleta ganzi, kwa hiyo mgonjwa akisikia miguu inakufa ganzi hudhani ni upungufu, anaongeza kidonge. Anajitibu kwa kilekile kinachomuumiza, tena kwa nia njema kabisa.

Na mpaka uko wapi? Hapa hata sisi hatukubaliani. Marekani iliweka kikomo cha miligramu 100 kwa siku mwaka 1998. Ulaya mwaka 2023 ikashusha chake hadi miligramu 12. Vitamini ni ileile, miili ni ileile, namba zinapishana mara nane! Wapo wanaomeza dozi kubwa muda mrefu bila dalili, na wapo wanaoumia mapema, nami siwezi kukutazama usoni nikajua wewe ni yupi. Kwa asiye na sababu ya kitabibu nafuata namba ndogo. Anayetumia isoniazidi kwa ajili ya kifua kikuu, na akaandikiwa B6, asiiache kwa sababu ya maneno yangu. Kwake dozi ile inalinda neva.

Wengine hunijibu kwamba kinachopatikana kwenye chakula hakiwezi kudhuru kikiwa kidonge. Mwaka 1994 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa Ufini uliohusisha wanaume wavutaji sigara 29,133. Walaji wa mboga na matunda yenye beta-karotini, ile rangi ya karoti ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, walikuwa wameonekana kupata saratani ya mapafu kwa nadra, basi ikatolewa kama kidonge, miligramu 20 kila siku. Waliopewa walipata saratani hiyo kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Mboga zilibaki salama. Kidonge ndicho kilichodhuru.

Nisieleweke vibaya. Simwambii mtu amege nusunusu kila kitu akidhani huko ndiko kuwa na kiasi. Mwanamke anayetarajia kushika mimba anahitaji asidi ya foliki mikrogramu 400 kila siku, kamili, na akipunguza "ili asizidishe" anamnyima mtoto kinga ya uti wa mgongo. Mwanamke huyohuyo akishashika mimba, akimeza retinoli nyingi, yaani vitamini A yenyewe, anamhatarisha mtoto. Kiasi hupimwa kwa mtu, kwa kitu na kwa wakati.

Kwa hiyo ukija kliniki, beba chupa zote, hata za unga wa mazoezi na magnesiamu, maana B6 huchanganywa humo. Tutasoma lebo pamoja na kujumlisha miligramu. Na kama miguu ina ganzi, niambie kabla hujaongeza kidonge kingine.