Je, wajua kwa nini muuzaji wa mnadani mwenye asilimia 98 ya maoni mazuri anaweza kutiliwa shaka?

Mtoto akirudi na 98 kwa 100, nyumbani hupikwa pilau. Kwenye mnada wa mtandaoni alama hiyohiyo inatakiwa ikusimamishe kwanza, uulize maswali.

Tuangalie eBay, mnada ulioanzishwa na Pierre Omidyar huko California mwaka 1995. Watu wasiojuana kabisa walikuwa wanatumiana hundi kwa posta kununua vitu ambavyo hawajavishika. Mwaka uliofuata Omidyar akaweka utaratibu wa mnunuzi na muuzaji kuachiana maoni baada ya biashara: mazuri, mabaya, au ya katikati. Ndiyo hizo nyota na asilimia unazoziona leo kando ya jina la muuzaji.

Sasa tazama kilichotokea. Watafiti wawili wa Marekani, Paul Resnick na Richard Zeckhauser, walichambua biashara zilizofanyika eBay mwaka 1999. Wanunuzi walioacha maoni walikuwa nusu tu, na katika maoni yao asilimia 99.1 yalikuwa mazuri. Mabaya yalikuwa asilimia 0.6. Kwa kipimo hicho, muuzaji mwenye asilimia 98 analalamikiwa zaidi ya mara tatu ya kawaida.

Si kwamba karibu kila muuzaji ni malaika. Aliyepunjwa dola tano mara nyingi huachilia mbali. Wengine waliogopa kisasi: ukimwandikia muuzaji maoni mabaya, naye anakuandikia mabaya, na jina lako linachafuka. Mwaka 2008 eBay ikawazuia wauzaji kuwapa wanunuzi maoni mabaya, na hofu hiyo ikapungua. Lakini ile tabia ya kunyamaza ipo bado, kwa hiyo malalamiko machache unayoyaona yana uzito kuliko idadi yake.

Ndiyo maana mimi huanza na maoni mabaya, tena ya miezi ya karibuni. Mtu akilalamika kwamba mzigo ulichelewa wiki moja, hilo linavumilika. Wawili watatu wakisema wameletewa kitu tofauti na kilichopigwa picha, achana naye. Soma pia majibu yake. Muuzaji anayeeleza kilichotokea na kurudisha pesa ni tofauti sana na anayemtukana mteja.

Halafu kuna swali ambalo watu wengi hulisahau: sifa hiyo ameipatia kwa kuuza nini? Tuseme ana maoni 300 mazuri. Ukiyafungua unakuta karibu yote ni ya stika na kava za simu za dola moja, na leo ghafla ananadi kompyuta tano za bei kubwa. Huo ni mchezo wa zamani. Palikuwa na wakati watu waliuza vitabu vya kielektroniki kwa senti moja, lengo likiwa kupeana maoni mazuri tu. Jina lililojengwa kwa stika halikuthibitishii kwamba mtu huyo atakutumia kompyuta.

Jina lenyewe lina thamani ya pesa kweli. Resnick na wenzake walimtumia muuzaji mzoefu wa postikadi za kale, akauza kadi za aina moja kwa jina lake la siku zote na kwa majina mapya yasiyo na historia. Wanunuzi walikuwa tayari kulipa takriban asilimia 8 zaidi kwa jina la zamani, ingawa mtu alikuwa yuleyule. Kwa hiyo mgeni sokoni si lazima awe tapeli. Mwenye jina la miaka mingi ana cha kupoteza, basi. Na akishaamua kufunga biashara, hana tena cha kulinda. Ndiyo sababu tarehe za maoni zina maana kubwa kuliko jumla yake.

Historia ya madau nayo isomwe. eBay huficha majina ya wanaopandisha bei, lakini huonyesha ni sehemu gani ya madau ya mtu imeelekezwa kwa muuzaji huyo mmoja. Ukikuta mtu karibu madau yake yote yako kwake, na kila mara anashindwa, huenda amepangwa akupandishie bei.

Muuzaji akikuambia mmalizane pembeni, nje ya tovuti, kwa bei nafuu zaidi, kataa hata kama nyota zake zinang'aa. Ulinzi wa kurudishiwa pesa hauendi na wewe huko.

Na hapa tulioko Dar es Salaam, Nairobi au Kampala tuwe macho zaidi. Wengi wetu tunaagiza mzigo upelekwe kwanza kwa wakala wa usafirishaji Marekani au Uingereza, naye ndiye anayeuleta. Kwa masharti ya eBay, kitu kikishatumwa kwenye anuani nyingine baada ya kufikishwa pale pa kwanza, dhamana ya kurudishiwa pesa haikihusu tena. Kwa kitu cha bei kubwa, tafuta wakala atakayekubali kufungua boksi na kukupigia picha ya kilichomo, namba ya kifaa ikionekana, kabla mzigo haujaondoka ghalani kwake.