Nafasi ya mishahara kwenye NBA ni nini, na timu iitumieje?

Juni ikielekea ukingoni, vijana wanaofuatilia NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, pale Mwanjelwa huanza kugawa wachezaji wa watu. "Timu fulani ina nafasi ya dola milioni 40, imchukue yule, mchezo umeisha." Kwa aliyezoea Tanzania Prisons na Mbeya City hoja hiyo inaingia akilini: dirisha la usajili likifunguliwa, mwenye hela ananunua. NBA haiendi hivyo, na sehemu kubwa ya ubishi wa Julai ungepungua kama tungeelewana kwanza hiyo "nafasi" ni kitu gani.

Nafasi si hela, ni ruhusa. Kila mwaka ligi hutangaza ukomo wa jumla ya mishahara ya timu moja, na ukomo huo hutokana na mapato ya ligi nzima, hasa ya televisheni. Msimu wa 1984-85 ulikuwa dola milioni 3.6. Msimu wa 2025-26 ulikuwa dola milioni 154.6. Toa mikataba iliyokwisha kusainiwa, kinachobaki ndiyo nafasi yako. Timu yenye mikataba ya milioni 120 imebaki na kama milioni 34, na mwenye timu hata awe bilionea hawezi kuchomoa mfukoni aongezee hapo. Nafasi hiyo haiwekwi akiba kwa msimu ujao. Tena timu hairuhusiwi kubana matumizi inavyotaka, maana inatakiwa ifikishe walau asilimia 90 ya ukomo.

Sasa kaka, utauliza: mbona timu kibao zinalipa zaidi ya huo ukomo? Kwa sababu ukomo wenyewe una milango ya pembeni. Mkubwa kuliko yote unaitwa haki ya Bird, kwa jina la Larry Bird wa Boston. Mchezaji akitimiza misimu mitatu bila kuachwa wala kuhama kama mchezaji huru (yaani aliyemaliza mkataba), timu yake inaweza kumsaini upya hata kwa kuvuka ukomo. Juu zaidi kuna kodi ya anasa na mistari mingine miwili ya adhabu, lakini hayo ni matatizo ya matajiri, tuyaache.

Kitu ambacho watu wengi hawakijui ni kwamba mchezaji wako mkataba wake ukiisha hafutiki kwenye hesabu siku hiyohiyo. Anaendelea kukushikia nafasi kwa kiasi kilichopangwa na kanuni, mpaka asaini kwingine au wewe umwachie. Kiasi hicho wakati mwingine ni kidogo mno kuliko mshahara atakaopewa. Mwaka 2024 Tyrese Maxey wa Philadelphia alikuwa amemaliza mkataba wake wa drafti (mgawo wa kila mwaka ambapo timu huchagua kwa zamu vijana wanaoingia ligi), na hesabu yake ilisimama kwenye karibu dola milioni 13 tu, ingawa kila mtu alijua atalipwa mara mbili ya hapo na zaidi. Timu ikatumia nafasi iliyobaki kumsaini kwanza Paul George, miaka minne kwa dola milioni 212. Ndipo ikamrudia Maxey na kumpa miaka mitano kwa milioni 204, ikivuka ukomo bila kosa lolote. Ingeanza na Maxey, George asingepatikana. Kijana alikubali kusubiri mwaka mzima bila kusaini nyongeza ya mkataba ili hesabu hiyo iwezekane, na uvumilivu wa aina hiyo haupatikani kwa kila mchezaji. (Kwamba msimu uliofuata George alicheza mechi 41 tu na timu ikaambulia ushindi mara 24, hilo ni la majeraha. Hesabu yenyewe ilikuwa safi.)

Timu iliyo karibu na ubingwa haihitaji ushauri: ikipata nafasi na nyota yupo sokoni, imchukue. Golden State walifanya hivyo kwa Kevin Durant mwaka 2016, wakabeba ubingwa wa 2017 na 2018. Ushauri unahitajika kwa timu isiyo na nyota, na hapo mimi nipo upande wa wanaosema isisajili jina kwa sababu tu nafasi ipo.

Fikiria mwenye ghala tupu pale Ubaruku wakati mpunga wa Mbarali umeshavunwa na magunia ya watu yamekaa nje. Si lazima akimbilie kujaza mpunga wake. Anaweza kupokea magunia ya wengine na kulipwa kwa kuyahifadhi. Julai 2025 Brooklyn walikuwa karibu peke yao wenye nafasi kubwa. Denver walitaka kupunguza mzigo wa mishahara, wakamtoa Michael Porter Jr., aliyekuwa akilipwa zaidi ya dola milioni 38, wakampokea Cameron Johnson wa takriban milioni 21. Malipo ya Brooklyn kwa kubeba tofauti hiyo yalikuwa chaguo la Denver la raundi ya kwanza ya drafti ya mwaka 2032, yaani zamu yao ya kuchagua kijana. Kabla ya hapo Brooklyn walishampokea Terance Mann kutoka Atlanta pamoja na chaguo la 22 la drafti ya 2025. Chaguo la raundi ya kwanza ni mali kwa sababu mshahara wa kijana wa namna hiyo hupangwa na jedwali la mishahara la ligi, si kwa bei ya sokoni. Hasheem Thabeet wetu, aliyechaguliwa wa pili na Memphis mwaka 2009, aliingia kwa utaratibu huohuo.

Njia mbaya waliionyesha Lakers. Mwaka 2016 fedha mpya za televisheni zilirusha ukomo kutoka milioni 70 hadi milioni 94, na karibu kila timu ikajikuta na nafasi. Lakers, waliotoka kushinda mechi 17 tu, wakampa Timofey Mozgov miaka minne kwa milioni 64, na Luol Deng, mzaliwa wa Sudan Kusini, miaka minne kwa milioni 72. Wote walikuwa wachezaji wa heshima waliokwisha kushuka. Mwaka mmoja tu baadaye, ili kumwondoa Mozgov, Lakers walilazimika kumwachia D'Angelo Russell, chaguo la pili la 2015. Aliyempokea? Brooklyn haohao. Mwaka 2019 Russell akacheza mechi ya nyota wote akiwa na jezi yao.

Nafasi ndogo nayo ina mtego wake. Timu iliyo juu ya ukomo lakini haijafika kwenye mistari ya adhabu ina kibali cha kusajili kwa zaidi ya dola milioni 14 msimu wa 2025-26. Ikishuka chini ili itumie nafasi, inakipoteza na kubaki na kidogo cha karibu milioni 9. Kwa hiyo mwenye nafasi ya milioni 4 au 5 bora asiiguse, abaki juu.

Mazungumzo na wachezaji wa timu nyingine hufunguliwa tarehe 30 Juni saa kumi na mbili jioni kwa saa za New York, ambayo kwetu ni saa saba usiku, katika baridi ileile ya Mbeya. Mikataba mingi haisainiwi mpaka tarehe 6 Julai, na siku hizo za katikati timu hupanga nani aanze kusaini na nani asubiri. Ukisoma kwamba mgeni amekubali kujiunga, tazama na mwenyeji yupi bado hajasaini.