Kwa nini Marekani inalipa majimbo ili yatume rekodi za watu wasiotakiwa kuuziwa bunduki

Watu wengi wakisikia Marekani kuna sistemu ya kumkagua mtu kabla hajauziwa bunduki wanadhani FBI wana faili moja kubwa lenye makosa ya kila mtu. Hilo faili halipo. Kazi yangu ni hizi rekodi, naunganisha za polisi na za mahakama katika jimbo moja huku Marekani, na nawaambia ukweli, mara nyingi kinachoamua kama mtu hatari atapata bunduki ni karani wa kaunti fulani, kama alituma karatasi au hakutuma.

Inavyokwenda ni hivi. Mteja anafika dukani, anajaza Fomu 4473, muuzaji anapiga simu au anaingia mtandaoni, na ombi linaenda NICS, sistemu ya FBI iliyoanza Novemba 1998 kutokana na Sheria ya Brady ya 1993, makao yake Clarksburg, West Virginia (majimbo mengine yanajikagulia yenyewe halafu ndo yanaulizia huko). Inapekua hazina tatu kwa mpigo: historia za jinai, hati za kukamatwa pamoja na amri za ulinzi, na orodha ya NICS yenyewe ya watu waliokatazwa. Jibu ni endelea, subiri, au hapana. Sasa hiyo "subiri" ndo inayoninyima usingizi, maana siku tatu za kazi zikipita bila jibu, sheria ya serikali kuu inamruhusu muuzaji auze. Mauaji ya Charleston, South Carolina, 2015 yalikuwa hivyohivyo, muuaji alinunua bastola wakati FBI bado wanatafuta karatasi za kesi yake ya dawa za kulevya na wameulizia ofisi isiyo yenyewe, miezi miwili baadaye akaua watu 9 kanisani.

Mtu atauliza, si Washington iyaamuru tu majimbo yalete rekodi? Haiwezi. Mwaka 1997 kwenye kesi ya Printz, Mahakama ya Juu ilisema serikali kuu haina ruhusa kuwatumikisha maofisa wa majimbo kufanya kazi zake. Kwa hiyo njia iliyobaki ni hela, ukileta rekodi nakusaidia gharama.

Hela zilianza kutoka tangu 1995, ila kilichowaamsha watu ni mauaji ya chuo kikuu cha Virginia Tech, Aprili 2007, waliuawa 32. Yule kijana aliyewaua, Desemba 2005 mahakama ilishamwona ni hatari kwa nafsi yake ikaamuru atibiwe akitokea nyumbani, lakini Virginia walichukulia kwamba kwa kuwa hakulazwa hospitali basi hahusiki na orodha, jina halikwenda, akanunua bastola mbili na ukaguzi akapita. Januari 2008 Rais Bush akasaini sheria ya kuboresha NICS ikiwa na ruzuku kwa majimbo, na sharti moja ambalo mimi naliunga mkono kabisa, jimbo liwe na utaratibu wa mtu aliyepona akili kuomba haki yake irudishwe. Kwenye karatasi sheria iliruhusu dola milioni 187.5 kwa mwaka wa fedha 2009. Bunge likatoa milioni 10. Mwaka uliofuata likatoa 20, wakati sheria iliruhusu 375.

Hata hizo kidogo zilisaidia. Rekodi za afya ya akili kwenye NICS zilitoka kama 126,000 Oktoba 2004 hadi milioni 1.2 Oktoba 2011. Lakini sehemu kubwa ilitoka majimbo 12 tu, na mengine yalikuwa hayajafikisha hata rekodi 10! Na hapa niseme jambo moja, kinachotumwa ni jina, tarehe ya kuzaliwa na vitambulisho kama hivyo, ugonjwa wenyewe hautumwi, na wagonjwa wa akili walio wengi hawajawahi kumdhuru mtu.

Hela zinaenda wapi? Njoo ukae na mimi siku moja. Mtu anakamatwa, polisi wanachukua alama za vidole na kukamatwa huko kunapewa namba, inaenda makao ya jimbo. Mahakama nayo inafungua jalada lake na namba yake, na asubuhi ile yenye kesi arobaini mtu anasahau kunakili ile namba ya polisi. Miaka sita baadaye hukumu ipo, imepigwa muhuri, iko kwenye boksi chini ya ngazi, ila kompyuta inaonyesha alikamatwa halafu basi, na kukamatwa peke yake kwa kawaida hakumzuii mtu kununua. Mbaya zaidi ni kesi za kupiga mke. Jalada linasema "shambulio", faini, kwisha. Aliyepigwa ni nani? Halisemi, na sheria inamkataza bunduki kama aliyepigwa ni mke au mama wa mtoto wake. Nimeshakaa na jalada la namna hiyo asubuhi nzima natafuta ripoti ya polisi, nilipoipata mstari wa tatu umeandikwa kwa mkono "mke wake, mjamzito". Ruzuku inalipa mtu wa kufanya hiyo kazi, inalipa skana, inalipa kisanduku kipya kwenye fomu kinachouliza uhusiano wao.

Na msidhani tatizo ni kaunti peke yake. Sutherland Springs, Texas, Novemba 2017, waliuawa watu 26, na muuaji alishahukumiwa na mahakama ya kijeshi mwaka 2012 kwa kumpiga mke na mtoto na Jeshi la Anga halikupeleka hukumu hiyo FBI. Ndo ikaja sheria ya Machi 2018 ya kuzibana idara za serikali kuu zithibitishe zinachotuma, na majimbo yaweke mipango.

Kwa ndugu zangu waswahili mlioko huku: ukaguzi unaenda kwa jina na tarehe ya kuzaliwa, hautumii alama za vidole, kwa hiyo ukiitwa Hassan Juma Ali na kuna mwenzio mwenye kesi mnayefanana majina, utaambiwa subiri. Mkiambiwa hapana kimakosa mna haki ya kukata rufaa FBI, na wanaosumbuliwa kila mara wanaweza kuomba namba maalum, UPIN, ya kuwatofautisha.

Tangu Juni 2022 wanunuzi chini ya miaka 21 wanaangaliwa hadi rekodi za utotoni, na FBI wanaweza kuchukua hadi siku 10 za kazi badala ya tatu. Wanapiga simu kaunti kuulizia. Kaunti niliyokuwa mwezi uliopita, ofisi inayopokea hiyo simu ina mama mmoja, na Ijumaa anafunga saa sita mchana.