Kuogelea, pishi na namba ya siri: yanayosemwa kuhusu stadi za maisha skuli

Kila ikitajwa kwamba skuli za Unguja na Pemba zifundishe mambo ya maisha sambamba na masomo, hoja za kupinga huwa zile zile. Nyingi hazisimami.

"Mtoto wa kisiwani hana haja ya kufundishwa kuogelea"

Kuishi karibu na bahari ni jambo moja, kuogelea ni jambo jengine. Wavulana hujifunza wenyewe, kama wale wanaojirusha majini pale Forodhani. Wasichana wengi hukua pwani bila kupita maji ya magoti. Mama zao walima mwani husubiri maji yapwe ndipo waende shambani. Kilimo hicho kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989. Siku hizi maji ya karibu na ufukwe yamezidi joto, kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri, inakufa, na wakulima wanahimizwa kuhamishia kamba zao kwenye maji ya kina. Anayehimizwa ni mama asiyejua hata kuelea.

Tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander I ilizama ikielekea Pemba, wakafa watu zaidi ya 200. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai, ikazama MV Skagit karibu na Chumbe. Sisemi kuogelea kungewaokoa wote. Meli iliyopakia kupita kiasi haina dawa darasani. Lakini Shirika la Afya Duniani linahesabu kuwafundisha watoto wa umri wa skuli kuogelea na usalama wa majini kuwa moja ya hatua zinazopunguza vifo vya kuzama.

"Na stara je?" Suali la haki, na lina jibu. Huko Nungwi, Mradi wa Panje umewafundisha wasichana wakiwa wamevaa nguo za kuogelea zinazositiri mwili mzima, wakianza kwa kuelea na madumu matupu. Kilichokosekana ni kuliingiza jambo hili kwenye ratiba ya skuli.

"Stadi za maisha ni kupika na kushona"

Orodha ya Shirika la Afya Duniani haina sufuria wala sindano. Ina kufanya maamuzi, kutatua matatizo, kuwasiliana, kuhimili msongo wa mawazo. Kupika nako si kubaya, hasa kwa wavulana.

"Zitakula muda wa masomo"

Kwa skuli yenye mikondo miwili kwa siku, hofu hii ina msingi, na anayeibeza hajawahi kupanga ratiba. Lakini si kila stadi inataka kipindi chake. Chukua karafuu za Pemba. Mchumaji hulipwa kwa pishi, na pishi ni kipimo cha vibaba vinne. Karafuu mbichi kilo tatu hivi hutoa kilo moja kavu. Mwalimu wa hesabu aulize: wachumaji wanne wameleta pishi 30, makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, hayajachambuliwa, jua limegoma siku mbili, tajiri abakiwe na nini baada ya kuwalipa? Hapo pana uwiano, asilimia na faida, na mtoto atakwenda kumbishia baba yake nyumbani kwa kalamu. Mwalimu wa sayansi naye aeleze kwa nini karafuu mbichi zikirundikwa huvunda. Akimaliza hilo, awachanganyishe maji ya chumvi na sukari ya mgonjwa wa kuharisha: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi.

"Amali ni ya waliofeli"

Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania, toleo la 2023, imeweka mkondo wa amali, yaani mafunzo ya ufundi na kazi za mikono, ndani ya sekondari yenyewe, kando ya ule wa jumla. Na hoteli ikiharibikiwa na jenereta usiku haitafuti mwenye divisheni wani, inamtafuta fundi.

"Hayo yanafundishwa nyumbani"

Mengine ndiyo. Fundi wa majahazi hampeleki mwanawe kozi ya kushika tezo. Lakini nyumba hazilingani, na kuna mambo ambayo wazee hawakuyakuta. Bibi anajua kila kitu cha mnazi, ila ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" haukuwepo ujanani mwake, na mara nyingi yeye ndiye anayetapeliwa. Kumfundisha mwanafunzi asitoe namba ya siri ya simu kwa yeyote, hata kwa anayejiita mfanyakazi wa kampuni, ni kazi ya dakika ishirini.