Je, wajua kwa nini kwenye jamii ndogo mtu asiyekuja kliniki ndo wa kutafutwa kwanza?

Ukiingia kituo cha afya ukakuta benchi limejaa, watu wamekaa mpaka nje, unaona kabisa hapa kazi inafanyika. Na kweli inafanyika. Lakini lile benchi halikuambii hali ya afya ya jamii ile, linakuambia hali ya watu walioweza kufika tu, yaani wenye nguvu za kutembea, wenye mtu wa kumwachia watoto, wenye nauli, wasioogopa kuonekana. Yule ambaye presha imempanda miaka 6 na hajui hayupo pale, mama aliyejifungua juzi na hatoki ndani hayupo, mzee anayeishi peke yake ambaye siku hizi anakula mara moja kwa siku kwa sababu kuinuka kitandani ni shughuli naye hayupo. Na mara nyingi hao ndo watakaoletwa usiku wakiwa wamebebwa.

Kwenye mji wa watu milioni 3 hakuna mtu anaweza kukaa chini akataja majina ya ambao hawakuja. Kwenye jamii ya watu 2,000 inawezekana, na kwangu mimi hii ndo nguvu kubwa kuliko zote ambayo jamii ndogo inayo na wengi hawaitumii, wanabaki kulalamika hatuna mashine, hatuna daktari bingwa, wakati wana kitu ambacho hospitali kubwa haiwezi kununua kwa hela yoyote, nacho ni orodha inayoweza kukamilika.

Kuna daktari mmoja alilithibitisha hili kwa maisha yake yote ya kazi. Anaitwa Julian Tudor Hart, miaka ya 1960 alienda kufanya kazi Glyncorrwg, kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko Wales, watu kama 2,000 hivi, maisha magumu, kazi za mgodini zinakwisha, sigara kila kona. Mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kitu ambacho leo kinaonekana cha kawaida ila wakati ule hakikuwa cha kawaida hata kidogo, akaamua kila mtu mzima wa kijiji apimwe presha, sio wanaoumwa kichwa, sio wanaoomba, KILA mtu. Namna alivyofanya ndo inanivutia zaidi. Hakutangaza siku ya upimaji watu wajae uwanjani. Alijua ndani ya miaka michache karibu kila mtu atapita kwake kwa sababu yoyote ile, kikohozi, kidonda, karatasi ya ruhusa kazini, kwa hiyo mtu akija kwa jambo lolote anapimwa na faili lake linawekwa alama. Wanaobaki bila alama wanazidi kupungua, mpaka inafika mahali wamebaki wachache wanaohesabika, na hao ndo wanafuatwa. Karibu wote walipimwa, waliokataa hawakufika hata kumi.

Presha anza kuielewa kwa hesabu hii ambayo wahudumu wengi wameisikia, inaitwa kanuni ya nusu: chukua watu 100 wenye presha ya juu, nusu hawajui, wanabaki 50, nusu ya hao hawatibiwi, wanabaki 25, na nusu ya wanaotibiwa presha yao haijashuka inavyotakiwa, unabaki na watu 12 au 13 walio salama kati ya 100. Sio kwamba namba zinatoka hivyo hivyo kila mahali, hapana, lakini umbo lake ndo hilo, na angalia watu wengi zaidi wamepotelea wapi, wamepotelea kwenye hatua ya kwanza kabisa kabla hata hawajaonana na mtu yeyote wa afya. Presha haiumi. Ukisubiri mtu aje mwenyewe unasubiri kiharusi.

Hart akaendelea hivyo hivyo miaka 25, akaandika kila kitu, na mwaka 1991 akachapisha matokeo: vifo vya watu chini ya miaka 65 pale kijijini vilikuwa pungufu kwa takriban asilimia 28 ukilinganisha na kijiji jirani chenye maisha yale yale ya mgodini. Huyu huyu ndo mwaka 1971 aliandika kile alichokiita sheria ya huduma kinyume, kwamba huduma nzuri ya tiba huwa inapatikana kidogo zaidi pale ambapo inahitajika zaidi. Alikuwa anaiona kila siku kwenye mafaili yake.

Sasa kuna upande mwingine wa "asiyekuja" ambao watu huwa hawaufikirii, kwamba hata asiyeumwa anakufundisha kitu. Mwaka 1854 kipindupindu kiliingia Soho, London, na ndani ya wiki chache watu zaidi ya 600 wakafa. Daktari John Snow alijulikana kwa ramani yake ya vifo kuzunguka pampu ya maji ya Broad Street, hilo wengi wanalijua, lakini nguvu ya hoja yake, kwamba ugonjwa unatoka kwenye maji ya pampu ile, haikutoka kwa waliokufa peke yao. Pale pale mtaani kulikuwa na kiwanda cha bia na wafanyakazi wake zaidi ya 70, hakuna aliyekufa, kumbe walikuwa wanakunywa bia na maji ya kisima chao. Kulikuwa pia na nyumba ya kutunzia maskini yenye watu zaidi ya 500, imezungukwa na vifo pande zote, wakafa 5 tu, nao walikuwa na kisima chao.

Na aliyemalizia kazi ile hakuwa daktari, alikuwa kasisi kijana wa mtaa ule, Henry Whitehead, ambaye mwanzoni hakumwamini Snow kabisa na alianza kuulizia nyumba kwa nyumba ili aonyeshe kwamba Snow kakosea. Yeye alikuwa na kitu ambacho Snow hakuwa nacho, alikuwa anawajua wale watu, wanamfungulia mlango, wanamwambia nani alikunywa maji wapi na nani alihama lini. Alivyozidi kuuliza ndo akazidi kukubali. Mwishowe ni yeye aliyegundua kifo cha mtoto mchanga wa nyumba namba 40, pembeni kabisa ya pampu, aliyeanza kuharisha kabla ya mlipuko kuonekana, mama yake alikuwa anafua nepi na kumwaga maji kwenye shimo la maji machafu mbele ya nyumba, wakaja kufukua wakakuta shimo liko chini ya mita moja kutoka kisimani na kuta zake zimeoza. Ujuzi wa kitabibu peke yake usingefika kwenye lile beseni la nepi, ilihitajika mtu anayemjua mama.

Hata visiwa vya Faroe mwaka 1846 ni hivyo hivyo. Surua iliingia huko baada ya miaka 65 bila surua, kati ya watu kama 7,800 wakaugua kama 6,000. Daktari kijana wa Denmark, Peter Ludvig Panum, akatumwa, akazunguka vijiji 52 anauliza, na kwa sababu vijiji ni vidogo watu wanakumbuka tarehe kamili, nani alitua kwa mashua, nani aliugua lini, mpaka akajua kwamba toka mtu akutane na mgonjwa mpaka vipele vitoke ni kama siku 13 au 14. Lakini la kushangaza zaidi ni wazee walioshikwa na surua ya mwaka 1781, hao hakuumwa hata mmoja mara ya pili. Wazee wasio na homa ndo waliofundisha dunia kwamba kinga ya surua inadumu maisha.

Tuje kwenye mtego mmoja ambao unawaumiza sana viongozi wa jamii ndogo, asilimia. Tuseme mna vizazi 20 kwa mwaka, mtoto mmoja akafariki, ukipeleka juu kwa hesabu ya kila vizazi 1,000 inasomeka 50, kiwango cha kutisha, mkutano unaitishwa. Mwaka unaofuata hakuna aliyefariki, inasomeka 0, watu wanapongezana. Kumbe huduma haijabadilika chochote, ni namba ndogo inacheza. Marekani waliwahi kuangalia saratani ya figo wakakuta kaunti zenye kiwango cha chini kabisa nyingi ni za vijijini zenye watu wachache, ukiishia hapo utasema hewa safi inasaidia, halafu wakaangalia zenye kiwango cha juu kabisa, nazo nyingi ni za vijijini zenye watu wachache. Ni uchache tu. Kwa hiyo jamii ndogo jumlisheni miaka 3 au 5 ndo mseme tunapanda au tunashuka, na kifo kimoja msikifanye asilimia, kikalieni kama kisa, ilikuwaje siku ile, nani aliitwa, gari lilichelewa wapi, kwa sababu kisa kimoja mkikifuatilia vizuri kinawaonyesha penye tundu kuliko grafu yenye nukta tano.

Halafu sasa, ukishapata orodha ya wasiokuja, kuna neno linatumika kwenye kliniki nyingi, watoro. Naomba niseme wazi silipendi. Ukimwita mtu mtoro ushamhukumu kabla hujagonga mlango, na ukishafika mlangoni na hukumu yako utaambiwa "nitakuja kesho" tu basi. Uliza vizuri uone. Unakuta mama haji kwa sababu anamuuguza mkwe aliyepooza na hakuna wa kumshikia hata masaa mawili. Kijana kaacha dawa kwa sababu anaimeza na njaa inamsokota. Mzee hasomi tena saa wala maandishi ya kwenye pakiti, macho yameenda, na anaona aibu kusema. Hakuna hata kimoja hapo kinachotibiwa na dawa, vyote ni mambo ya ustawi wa jamii, na hapa ndo unaona kwa nini afya na ustawi kukaa ofisi mbili zisizoongea ni kosa kubwa, nesi anajua ugonjwa, mtu wa ustawi anajua nyumba, na mgonjwa anaanguka katikati yao.

Kuna mji mdogo wa Frome huko Uingereza, kuanzia mwaka 2013 zahanati yao iliandika orodha ya kila kikundi na kila msaada uliopo pale mjini, wakaajiri watu wa kukaa na mgonjwa wamuulize nini kinamsumbua maishani, na wakafundisha wananchi wa kawaida namna ya kumwelekeza mwenzao pa kwenda. Kati ya mwaka 2013 na 2017 kulazwa kwa dharura kulipungua kwa asilimia 14 wakati maeneo mengine ya mkoa ule yalikuwa yanapanda. Haikuwa majaribio ya kupanga makundi kwa kura kwa hiyo huwezi kusema sababu ni hiyo peke yake, sawa, lakini haiji kama mshangao, maana mwaka 2010 watafiti walikusanya tafiti 148 zenye watu zaidi ya 300,000 wakakuta wenye mahusiano imara na watu wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa hai kwa asilimia 50 kuliko wapweke. Upweke unaua, na kwenye jamii ndogo mpweke anajulikana kwa jina.

Ila hapo hapo ndo kuna hatari yake. Kujuana kunaua siri. Kwenye jamii ya watu 800 ukibandika ukutani kwamba "mwanamke 1 wa miaka 30 hadi 39 ameanza dawa" umeshamtaja, hakuna haja ya jina. Ndo maana sehemu nyingi takwimu chini ya 5 hazichapishwi. Na watu hawa sio wajinga, wakihisi mhudumu anaongea wanaruka kituo cha jirani wanaenda mbali wasikojulikana, au wanaacha kabisa, na ile orodha yako nzuri inavunjika. Njia moja inayosaidia kweli ni kutembelea nyumba ZOTE kwa zamu. Mhudumu akionekana anaingia kwa watu fulani tu, majirani wanapiga hesabu, akionekana anaingia kila mlango hakuna cha kuhesabu. Anayehitaji dakika 40 anapewa 40, asiye na shida anasalimiwa na kuulizwa chanjo za watoto, anaandikwa tarehe, anaachwa.

Na iandikwe kweli. Jamii nyingi ndogo zinaendeshwa na nesi mmoja ambaye yote yako kichwani mwake, anajua nani mjamzito, nani hatumii dawa, nani anapigwa ndani, siku akihamishwa au akichoka akaondoka, anayekuja anaanza na ukurasa mweupe. Daftari halihitaji makubwa, kila kaya na mstari wake, waliomo, tarehe ya mwisho kuonana na kila mmoja, sababu ya kutokuja kama ilivyosemwa na mwenyewe, na jirani gani ambaye mhusika amekubali aitwe likitokea la kutokea. Anayepokea kazi akilifungua Jumatatu asubuhi asianzie juu, atafute kwanza mistari ambayo tarehe yake ni ya zamani kuliko zote, avae viatu.