Lowndes, Alabama: kaunti ya katikati ya safari

Barabara namba 80 inatoka Selma kwenda Montgomery, jimboni Alabama, kusini mwa Marekani. Waliosoma habari za maandamano ya Machi 1965, ya kudai haki ya weusi kupiga kura, wanaikumbuka miji hiyo miwili, mmoja wa kuanzia na mwingine wa kufikia. Lakini waandamanaji hawakuruka angani. Katikati ya zile kilomita 87 walikatiza kaunti ya mashamba iitwayo Lowndes, ambako barabara ilikuwa nyembamba, na amri ya mahakama ikasema sehemu hiyo wapite watu 300 tu.

Sensa ya 2020 iliwakuta humo watu 10,311. Haina mji wa maana wala kivutio cha watalii wa kawaida. Nimeichagua kwa sababu mengi tunayodhani kuhusu vijiji vya Marekani, ukiyapeleka Lowndes, yanagoma.

"Kaunti ni kaunti, kama Kiambu au Kilifi"

Mkenya akisikia kaunti anawaza gavana, bunge la kaunti na mgao kutoka Nairobi. Kenya zipo 47. Alabama peke yake ina 67, na Marekani nzima zaidi ya 3,000. Kule gavana ni wa jimbo zima. Kaunti inaendeshwa na makamishna wa kuchaguliwa, jaji wa mirathi, na sherifu ambaye naye hupigiwa kura. Hilo la sherifu lishike, litarudi.

Makao makuu ni Hayneville, mahali ambapo kwetu pangeitwa senta: njia panda, maduka machache, na mahakama nyeupe yenye nguzo, iliyojengwa miaka ya 1850. Eneo la kaunti ni kama kilomita za mraba 1,880. Kiambu inaizidi kwa ukubwa kama theluthi moja hivi, ila ina watu zaidi ya milioni 2.4.

"Ukanda Mweusi umeitwa hivyo kwa sababu ya rangi ya watu"

Lowndes imo kwenye kile Wamarekani wanachokiita Ukanda Mweusi, na wengi huamini jina lilitokana na ngozi. Ni nusu ya ukweli, tena nusu ya pili. Booker T. Washington, mwalimu mkuu wa chuo cha weusi cha Tuskegee kilicho katika ukanda huohuo, alieleza tangu 1901 kwamba jina lilianza na rangi ya udongo. Baadaye ndipo likaja kumaanisha maeneo ambako weusi ni wengi kuliko wazungu.

Na udongo wenyewe una kisa. Zama za dinosauri sehemu hiyo ilikuwa chini ya bahari ya kina kifupi. Viumbe vidogo vyenye magamba ya chokaa vilikufa, vikarundikana sakafuni, vikageuka mwamba wa chaki. Juu ya chaki hiyo likaja tabaka la mfinyanzi mweusi. Mtu wa Embakasi, Syokimau au Mwea hahitaji kuelezwa zaidi, kwa maana udongo huu ni ndugu wa ule wake: kiangazi unapasuka nyufa, masika unavimba na kunata kwenye kiatu mpaka mguu unakuwa mzito kama jiwe. Ni ule ambao fundi wa Nairobi huuchimba wote akautupa kabla hajamwaga msingi.

Pamba ilistawi juu yake. Wenye mitaji walitoka Georgia, Virginia na majimbo ya Carolina, wakaja na watumwa wao. Kaunti ikaundwa 1830, ikapewa jina la William Lowndes, mbunge wa South Carolina aliyekwisha kufa miaka minane nyuma. Udongo uliita pamba, pamba ikaita watu waliofungwa minyororo, na kwa njia hiyo maana ya pili ya jina ikapanda juu ya ile ya kwanza.

"Walikuta pori tupu"

Palikuwa na wenyewe, watu wa Muskogee ambao Waingereza waliwaita Creek. Tarehe 23 Desemba 1813, mahali paitwapo Ardhi Takatifu, ukingoni mwa mto Alabama, jeshi la Marekani lilivamia ngome yao. Kiongozi wao William Weatherford alitoroka kwa kurusha farasi wake kutoka kwenye genge hadi mtoni. Hadithi hiyo husimuliwa mpaka leo, na urefu wa genge huongezeka kila inaposimuliwa. Mwaka uliofuata Muskogee walilazimishwa kusaini mkataba uliowapokonya sehemu kubwa ya Alabama. Mji wa Fort Deposit, ulio kusini mwa kaunti, ulianza kama ghala la chakula na risasi za vita hivyohivyo.

"Vijijini mwa Marekani ni kwa wazungu"

Filamu zimetuharibu hapa. Tunamwona mzee wa kizungu mwenye kofia pana na gari la kubebea mizigo. Katika Lowndes, kila watu kumi, takriban saba ni weusi, na si wahamiaji wa juzi, bali wajukuu na vitukuu vya waliolima pamba palepale.

Kilichobadilika ni wingi. Mwaka 1900 kaunti ilikuwa na watu zaidi ya 35,000. Leo haifiki theluthi ya hapo. Mdudu wa pamba aliyamaliza mazao, mashine zikachukua nafasi ya mikono, na treni za kwenda Detroit na Chicago hazikukosa abiria. Walioachwa nyuma, wengi hawalimi. Huamka alfajiri kwenda kazini Montgomery, au kwenye viwanda vichache vya karibu. Kimojawapo, cha plastiki, kiko Burkville ndani ya kaunti hiyohiyo. Kilikuwa cha kampuni ya General Electric mpaka 2007, kitengo kizima cha plastiki kilipouzwa kwa SABIC ya Saudi Arabia. Kwa hiyo ndugu zetu walioko Ghuba wakisikia Lowndes, wajue mwajiri mmoja ni wa jirani yao.

"Weusi hawakupiga kura kwa sababu walikuwa wachache, au hawakujali"

Mwaka 1960 kaunti ilikuwa na watu 15,417, na wanne kati ya kila watano walikuwa weusi. Mwaka 1965 ulipoanza, idadi ya weusi kwenye daftari la wapiga kura ilikuwa sifuri. Upande wa pili, wazungu walioandikishwa walizidi wazungu wenye umri wa kupiga kura. Marehemu nao walikuwa na haki zao.

Woga ulikuwapo, na ulikuwa na sababu. Kaunti iliitwa "Lowndes ya Damu". Ila ukitaka kujua kufuli lenyewe, tazama ardhi. Familia nyingi nyeusi zililima kwa kugawana mavuno na mwenye shamba, ambaye pia ndiye mwenye nyumba, mwenye duka na mwenye daftari la madeni. Mtu wa namna hiyo akikwambia usiende Hayneville kujiandikisha, unakwenda vipi?

Machi 1965 wawili walivunja mwiko: John Hulett, na mhubiri kipofu John C. Lawson. Agosti mwaka huo sheria mpya ya haki ya kura ilitiwa saini, na maofisa wa serikali kuu wakaja wenyewe kuandikisha watu. Wenye mashamba walijibu kwa kuwafukuza wapangaji wao. Familia zilizotupwa nje zilipigiwa mahema kando ya barabara 80, na mahali hapo pakaitwa Mji wa Mahema. Walilala na watoto chini ya turubai, usiku risasi zikirushwa kutoka kwenye magari yanayopita. Baadhi walikaa humo zaidi ya miaka miwili.

Wengine hawakuweza kufukuzwa. Rosie Steele, mwanamke mweusi mwenye shamba lake, aliwapa waandamanaji wa Selma uwanja wa kulala usiku wao wa pili, na hapakuwa na bwana wa kumhamisha. Tena kumiliki ardhi hakukuanza 1965. Shule ya Calhoun, iliyofunguliwa katika kaunti hii mwaka 1892 kwa ajili ya watoto weusi, ilikuwa na mpango wa kununua mashamba makubwa, kuyakata vipande na kuwauzia wakulima weusi kidogo kidogo. Wanaosimulia historia hii kwa kutaja viongozi wa kitaifa peke yao huruka hati za viwanja, na kwa maoni yangu wanaruka kitu kikubwa.

Damu haikukosekana. Usiku wa 25 Machi 1965, maandamano yakiwa yamekwisha, Viola Liuzzo, mama wa watoto watano kutoka Detroit, alipigwa risasi na watu wa Ku Klux Klan, kundi la siri la wazungu wabaguzi, akiendesha gari kwenye barabara 80 ndani ya Lowndes. Agosti 20 mwanafunzi wa seminari, Jonathan Daniels, aliuawa mbele ya duka la Hayneville akimkinga msichana mweusi wa miaka 17, Ruby Sales. Wote wawili waliouawa walikuwa wazungu. Aliyemuua Daniels alishitakiwa katika ile mahakama nyeupe yenye nguzo. Wazee wa baraza, wazungu watupu, wakamwachia huru.

"Chui mweusi alizaliwa Oakland"

Ukitaja chui mweusi, watu huona makoti ya ngozi, kofia za pembeni na bunduki, na huona California. Chama cha Black Panther, yaani Chui Mweusi, cha mji wa Oakland kilianzishwa na Huey Newton na Bobby Seale Oktoba 1966. Wakati huo chui wa Lowndes alikuwa tayari kwenye karatasi.

Kisa chake hakina bunduki, kina sheria ya uchaguzi. Kwa kuwa wapiga kura wengi hawakujua kusoma, Alabama ilitaka kila chama kiwe na alama yake. Chama cha Democratic cha jimbo kilitumia jogoo mweupe, na pembeni mwa jogoo maneno yaliyotangaza waziwazi ubora wa wazungu. Yaliondolewa mwanzoni mwa 1966. (Mkenya aliyekulia enzi za KANU atajua uzito wa jogoo kwenye karatasi ya kura.) Weusi wa Lowndes, wakisaidiwa na vijana wa harakati akiwamo Stokely Carmichael, waliona haina maana kujiandikisha halafu ukampigie jogoo huyo. Wakaunda chama chao cha kaunti, wakachagua chui mweusi anayeruka, kucha nje.

Msomaji wa Tanzania hahitaji kushangaa. Mwaka 1965, katika uchaguzi wa chama kimoja, wagombea wawili wa TANU katika kila jimbo walipewa alama: mmoja jembe, mwingine nyumba. Tatizo lilikuwa moja na dawa ikawa moja.

Tarehe 3 Mei 1966 watu wapatao 900 walikusanyika kwenye kanisa la Kibaptisti, karibu na mahakama ya Hayneville, kuteua wagombea. Novemba wagombea wote saba walishindwa. Hapo ndipo wengi hufunga kitabu. Lakini 1970 John Hulett, mmoja wa wale wawili wa kwanza kujiandikisha, alichaguliwa kuwa sherifu, katika kaunti ambayo miaka mitano nyuma haikuwa na mpiga kura mmoja mweusi. Alikaa kwenye kazi hiyo zaidi ya miaka 20, kisha akawa jaji wa mirathi.

Chui mwenyewe alisafiri. Stokely alifika Dar es Salaam 1967. Pete O'Neal, aliyeongoza tawi la chama cha Oakland huko Kansas City, alikimbilia Tanzania 1972, na kituo chake cha jamii kiko Imbaseni, nje kidogo ya Arusha. Vijana wanaopita pale wakiona picha ya chui ukutani, ukoo wake unaanzia kwenye karatasi ya kura ya Hayneville.

"Marekani kila nyumba ina choo cha kuvuta, basi maji taka si tatizo"

Choo cha kuvuta kipo. Swali ni maji yanakwenda wapi. Nyumba nyingi za Lowndes ziko mbalimbali, hazijaunganishwa na mabomba ya mji, kwa hiyo kila moja inatakiwa kuwa na tangi chini ya ardhi, na udongo unaokunywa kinachotoka tangini. Udongo wa Lowndes haunywi. Mvua ikinyesha mfinyanzi unajifunga, na uchafu unarudi juu: kwenye majani, au kupitia tundu la bafu. Mfumo unaoufaa udongo huo hugharimu zaidi ya dola 10,000, katika kaunti maskini. Wasioweza hufunga bomba la plastiki nyuma ya trela wanamoishi, linakwenda hatua chache, linamwaga mtaroni. Kwa miaka mingi sheria ya jimbo ililihesabu jambo hilo kuwa kosa la jinai la mwenye nyumba, na wapo waliokamatwa.

Hapa pia pana dhana ya upande wa pili. Mwaka 2017 watafiti walipima watu 55 wa Lowndes na kukuta dalili za minyoo ya safura kwa 19. Habari ikaenea kwamba theluthi ya kaunti inaugua safura. Watu 55, kutoka nyumba zenye shida hiyohiyo ya maji taka, hawawezi kusema hivyo kwa niaba ya watu elfu kumi. Inatosha kwamba walikutwa.

Aliyelisukuma suala hili mpaka likasikika ni Catherine Coleman Flowers, mtoto wa Lowndes. Mei 2023 Wizara ya Sheria ya Marekani ilifikia makubaliano na idara ya afya ya Alabama: wakazi wasiadhibiwe tena, na mpango wa kurekebisha mifumo uandaliwe. Aprili 2025 wizara hiyohiyo, chini ya serikali mpya, iliyavunja makubaliano, ikiyahesabu kuwa sehemu ya sera za kupendelea makundi. Idara ya afya ilisema itaendelea kufadhili uwekaji wa matangi mpaka fedha zilizotengwa zitakapokwisha.