Kura ya Bunge la Marekani kuhusu gari za petroli California: gari uliyonayo haijaguswa

Tangu Seneti ipige ile kura ya 22 Mei 2025 ya kufuta ruhusa ya California kutumia kanuni yake ya kusitisha uuzaji wa gari mpya za petroli ifikapo 2035, simu za Kiswahili zinazoingia ofisini kwetu ni za aina mbili na zote zinatutia wasiwasi. Wa kwanza wanauliza serikali inakuja lini kuchukua gari zao za petroli, wa pili wanapiga kwa furaha kwamba sasa smogi cheki, kile kipimo cha lazima cha moshi wa gari, imefutwa na kila mtu aendeshe anachotaka. Jibu ni hapana kwa wote. Kuna mama mmoja wa City Heights, San Diego, aliuza Corolla yake nzima kabisa kwa bei ya kutupa kwa sababu aliambiwa baada ya ibada kwamba ikifika 2035 polisi wataikamata barabarani. Sasa anapanda mabasi mawili kwenda kazini. Hii inauma, kwa sababu hakuna mstari hata mmoja kwenye kanuni ile unaosema hivyo, haukuwepo kabla ya kura na haupo baada ya kura.

Kanuni yenyewe inaitwa Advanced Clean Cars II. Bodi ya hewa ya California, CARB, iliipitisha 25 Agosti 2022 kufuatia agizo la Gavana Newsom la Septemba 2020. Ilisema hivi: katika gari MPYA ambazo mtengenezaji anazileta kuuza California, asilimia 35 za modeli ya 2026 ziwe hazitoi moshi, ifike 68 kwa modeli ya 2030, na 100 kwa modeli ya 2035, na humo ndani haibridi za kuchomeka kwenye umeme (zenye injini ya petroli na betri) ziliruhusiwa mpaka asilimia 20. Naomba usome tena hapo kwenye mtengenezaji na kwenye gari mpya. Gari iliyokwisha sajiliwa haikuhusika, kuuziana gari iliyotumika hakukuhusika, petroli ya kituoni haikuhusika. Faini nayo watu wameielewa vibaya sana, ile dola 20,000 mnayoisikia ilikuwa inamwangukia mtengenezaji kwa kila gari aliyopungukiwa kwenye hesabu yake, siyo dereva wala mwenye yadi, na kabla ya kufika huko mtengenezaji alikuwa na nafasi ya kununua pointi kwa kampuni nyingine iliyozidisha au kufidia upungufu wake kwenye modeli za miaka inayofuata. Hakuna karatasi ya faini ambayo ingeletwa mlangoni kwako.

Sasa wengi wanauliza, kama ni kanuni ya jimbo, Bunge la Washington limeingiaje? Sheria ya hewa safi ya Marekani inakataza majimbo kujitungia viwango vya moshi wa gari mpya, isipokuwa California peke yake, kwa sababu California ilishaanza kupambana na moshi wa Los Angeles kabla serikali kuu haijaanza. Ila hata California haiendi tu kichwakichwa, lazima kila safari iombe ruhusa kwa EPA, shirika la mazingira la serikali kuu. Ikishapata, majimbo mengine yanaweza kuiga kanuni ileile kama ilivyo, ndiyo maana New York, Massachusetts, Washington, Oregon, New Jersey na mengine, jumla majimbo 11 pamoja na jiji la Washington DC, walikuwa wameshaichukua. Ruhusa ya kanuni hii ilitolewa Desemba 2024, mwezi mmoja tu kabla Biden hajaondoka.

Kilichopigiwa kura ni ile ruhusa. Bunge halikupiga marufuku gari za umeme na wala halikutunga sheria mpya ya gari za petroli, lilifuta kibali. Tarehe 1 Mei Baraza la Wawakilishi lilipitisha kwa kura 246 dhidi ya 164, na Wademokrat 35 waliungana na Warepublican. Seneti ikafuata kwa 51 dhidi ya 44, Mdemokrat pekee aliyeunga mkono akiwa Elissa Slotkin wa Michigan, jimbo la viwanda vya magari. Kwa kawaida jambo zito namna hii Seneti linahitaji kura 60 ili mjadala ufungwe, lakini walitumia sheria ya 1996 inayoruhusu Bunge kufuta kanuni mpya za mashirika ya serikali kwa wingi wa kawaida tu. Hapo ndipo penye ugomvi mkubwa. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge, GAO, ilishasema ruhusa ya California siyo kanuni kwa maana ya sheria hiyo, na mshauri wa taratibu wa Seneti akasema hivyohivyo, lakini wengi ndani ya Seneti walipiga kura za utaratibu wakaendelea. Na sheria hiyo ina makali yake, ikishafuta kitu, shirika haliruhusiwi kukirudisha kwa sura ile ile bila Bunge kutunga sheria nyingine.

Rais Trump alisaini 12 Juni 2025. Siku hiyohiyo California na majimbo mengine 10 wakafungua kesi mahakama ya shirikisho, na Gavana Newsom akasaini agizo la kuitaka CARB ianze kuandaa kanuni nyingine. Ofisi yetu haisemi nani atashinda, hiyo kazi ni ya majaji. Lakini kama mtu anayesoma vipimo vya hewa kila siku siwezi kukaa kimya kama vile hakuna kilichopotea. Hewa ya Los Angeles na bonde la San Joaquin bado iko kati ya hewa mbaya kabisa nchi nzima, na familia zetu nyingi zinapanga nyumba kando ya barabara kuu kwa sababu ndizo za bei nafuu, watoto wao ndio wanaovuta ule moshi kwanza.

Kitu kingine kinachochanganywa na kura hii ni pesa. Ile nafuu ya kodi ya dola 7,500 kwa anayenunua gari mpya ya umeme haikufutwa na kura ya Mei, ilifutwa na sheria nyingine ya bajeti na kodi iliyosainiwa 4 Julai 2025, na mwisho wake ulikuwa 30 Septemba 2025. Zile stika za gari za umeme za kupita njia maalumu ya gari zenye abiria zaidi ya mmoja hata ukiwa peke yako nazo ziliisha tarehe hiyohiyo, kwa sababu ruhusa yake ya shirikisho ilifika ukomo. Ni mambo matatu tofauti, kwa hiyo mtu akikwambia "si walishafuta mambo ya umeme yote" mwulize anaongelea lipi.

Na smogi cheki iko palepale jamani. Ni sheria ya jimbo, kura ya Washington haikuigusa. Gari ya petroli ya kuanzia modeli ya 1976 inapimwa kila baada ya miaka miwili, yenye umri usiozidi miaka minane unalipa ada badala ya kupima. Ukiuza gari iliyozidi miaka minne, wewe muuzaji ndiye unatakiwa umpe mnunuzi cheti cha moshi kisichozidi siku 90. Kila wiki tunapata mtu aliyenunua gari kwa rafiki, akaambiwa "utapima mwenyewe", akafika DMV, ofisi ya jimbo ya usajili wa magari, akakwama, gari imefeli na pesa imeshaliwa. Usilipe kabla hujashika cheti mkononi.

La mwisho, na hili limeongezeka tangu kura. Watu wanakwenda Nevada, Arizona na Texas kununua gari mpya ya petroli wakiamini kizuizi kimeondoka. Sheria ya California inahesabu gari yenye maili chini ya 7,500 kuwa mpya hata kama imeshatumika, na kama haikuthibitishwa kwa viwango vya California DMV haitaisajili kwa mkazi wa hapa. Fungua boneti kabla hujasaini chochote, tafuta ile stika ya moshi, mara nyingi iko upande wa chini wa boneti au karibu na rejeta. Iwe imeandikwa kwamba gari inakidhi viwango vya California au majimbo yote 50. Ikitaja viwango vya EPA peke yake, iache hapohapo. Wanaosamehewa ni wachache: umehamia California na gari ilikuwa tayari imesajiliwa kwa jina lako kule ulikotoka, umeirithi, umeipata kwa talaka, au uko jeshini kwa masharti yake. Kwa kila moja DMV wanataka karatasi, kwa hiyo anayehama asitupe kadi ya usajili ya jimbo la zamani, aje nayo pamoja na usomaji wa maili wa siku aliyoinunua.